Ukoma bado upo huku Nyanda za Juu Kusini na dawa ni bure miaka yote hii, mbona watu wanagundulika vidole vimeshapinda?

MvuaYaTukuyu (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Naomba tuongelee ugonjwa ambao wengi wetu tunadhani uliisha enzi za mababu. Ukoma. Mama yangu mdogo, tunaishi naye hapa Rungwe, aligundulika nao mwaka jana, na alipogundulika vidole viwili vya mkono wa kulia, kile cha mwisho na kinachofuata, vilikuwa vimeshakunja havinyooki tena. Daktari kasema angewahi visingekunja.

Alikuwa na baka mgongoni muda mrefu, limepauka kuliko ngozi yake, haliwashi haliumi. Duka la dawa wakamuuzia krimu ya fangasi, ikaisha, akanunua nyingine. Zahanati moja wakamwambia mama hii ni mba tu. Kuna ndugu wakasema karogwa kwa sababu ya shamba la chai aliloachiwa na marehemu, kwa hiyo zikaja mitishamba, yakaja maombi, baka liko palepale. Baadaye mkono ukaanza ganzi, anadondosha vikombe, watu wakasema ni umri na kazi ya kuchuma chai. Kilichotushtua ni siku anaepua sufuria ya ndizi, kaishika kingo kwa mikono mitupu na kasimama nayo anaongea na sisi kabisa, binti yake ndo akasikia harufu ya ngozi inaungua. Mwenyewe hakuwa na habari.

Tukampeleka zahanati kwa ajili ya kuungua. Bahati nzuri alikuwepo muuguzi mpya kahamia kutoka Kilombero. Yule dada aliposikia kwamba hakuumia wala hakushtuka, habari ya moto akaiacha, akasema mama naomba uvue blauzi nione mgongo. Akachukua pamba akaisokota ncha, akamwambia afumbe macho na kila akiguswa aoneshe kwa kidole pale alipoguswa. Begani akaonesha. Shingoni akaonesha. Kwenye baka, kimya. Akagusa tena, kimya. Mimi nimesimama pembeni naiona pamba imegusa ngozi kabisa na mama mdogo bado anasubiri aguswe.

Tangu hapo nimekuwa nasoma sana hii kitu na nimeshangaa dunia ilivyojipanga. Mdudu wa ukoma aligunduliwa na daktari wa Norway anaitwa Hansen mwaka 1873. Dawa mseto, yaani rifampisini, dapsoni na klofazimini kwa pamoja, WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, waliipitisha 1981. Kuanzia 1995 mgonjwa popote duniani anapewa bure, miaka mitano ya kwanza walilipia Wajapani wa Nippon Foundation, dola milioni 50, alafu kuanzia 2000 kampuni ya Novartis ndo inaitoa msaada kupitia WHO. Yaani paketi anayomeza mama mdogo kila mwezi imevuka bahari mpaka Rungwe na yeye hajatoa hata mia. Ila kwa miaka yote ile hakutokea mtu wa kumwambia avue blauzi waangalie mgongo! Hapo ndo pananiuma mpaka leo.

Swali langu kwa wenye uzoefu, huu ushirikiano mkubwa wa kimataifa unakwama wapi kabla haujafika kijijini kwetu?

---

NesiMstaafu_Ipogolo

Kamwene mwanangu, na pole sana kwa mama. Nimefanya kazi kliniki ya TB na ukoma sehemu kubwa ya utumishi wangu kwa hiyo ngoja niseme ninayoyajua.

Kwanza huyo muuguzi wa Kilombero hakubahatisha. Kilombero, Liwale na Nanyumbu ndizo wilaya ambazo kuanzia 2015 ziliingizwa kwenye mpango wa kimataifa wa kuwapa kinga watu wanaoishi karibu na mgonjwa wa ukoma. Mpango ule ulikuwa nchi kadhaa, India, Nepal, Indonesia, Brazil na nyingine, na sisi tukiwemo. Sasa ili umpe mtu kinga lazima kwanza umkague ngozi yake yote uhakikishe hana ukoma tayari, kwa hiyo wahudumu wa kule walifundishwa kukagua, wakakagua watu wengi mpaka mkono ukazoea. Mtu kama huyo akihamishiwa Rungwe anakuja na macho yake. Ndo faida ya ushirikiano ambayo huikuti kwenye ripoti.

Pili, nchi yetu si wageni kwenye hii kazi. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza 1977, na magonjwa yote mawili yaliwekwa pamoja toka mwanzo. Walikuja wataalamu wa Umoja wa Kimataifa wa kupambana na kifua kikuu, akiwemo daktari Karel Styblo, wakakaa na watu wetu wakapanga mfumo, mratibu kila wilaya, rejista moja, taarifa kila robo mwaka, mgonjwa anamezeshwa dawa anaonekana. Huo mfumo uliojengwa hapa Tanzania ndo baadaye dunia nzima ikauchukua kwa ajili ya TB. Wajerumani wa GLRA, shirika lao la kupambana na ukoma, nao wamekuwa na sisi kwenye ukoma miaka mingi sana. Dawa mseto ikaanza kuingia 1983. Kabla ya hapo mgonjwa alikuwa anameza dapsoni peke yake miaka na miaka, wengine maisha yote, na mdudu akawa ameshaizoea.

Sasa unakwama wapi. Mwaka 1991 nchi wanachama wa WHO waliweka lengo kwamba mpaka 2000 ukoma ushuke chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000. Dunia kwa ujumla ikafika hiyo 2000, Tanzania tukafika 2006. Tulishangilia, na ilistahili, maana kazi ilifanyika. Lakini baada ya kushangilia semina za ukoma zikapungua, pesa za kuzungukia vijiji zikapungua, nguvu ikaenda kwenye TB na UKIMWI. Vijana wanamaliza chuo hawajawahi kumgusa mgonjwa wa ukoma hata mmoja, wamemuona kwenye picha. Huyo aliyesema mba simlaumu sana yeye, nalaumu waliomfikisha pale bila kumfundisha. Na wagonjwa hawajaisha, kwa mwaka nchini wanagundulika wapya zaidi ya elfu moja, na WHO wametuweka kwenye zile nchi 23 za kipaumbele.

---

Mwanjelwa_Sokoni

Pole mkuu MvuaYaTukuyu. Mimi naomba nitofautiane kidogo na huu wimbo wa wafadhili. Kampuni ya dawa ikitoa dawa bure ni jambo jema sitakataa, lakini nchi ya watu milioni 60 na ushee kutegemea dawa ya ugonjwa mmoja kutoka mfuko wa kampuni moja mbona ni hatari? Siku wakisema basi? Tumeshaona mwaka 2025 Marekani walivyofunga misaada ghafla, watu wa miradi ya afya wakarudishwa nyumbani ndani ya wiki. Na hizo pesa za semina mama anazosema zimepungua, kwa nini zitoke nje? Hiyo ni mafuta ya pikipiki na posho ya kulala kijijini, halmashauri inashindwa kweli?

---

KihesaMwalimu

Mwanjelwa umeuliza la maana, na mfano wake upo Nigeria. Mwaka 2024 kule dawa mseto ziliisha kabisa. Mfadhili hakujitoa, dawa zilikuwepo zinasubiri India, kilichokwamisha ni kanuni yao mpya ya kupima dawa zinazoingia nchini, mzigo ukakaa, wagonjwa wakakaa miezi bila dawa, vidonda vinaongezeka, mpaka WHO wakaomba kanuni isimamishwe kwa muda ndo mzigo ukaingia 2025. Kwa hiyo hata dawa ya bure inaweza ikakwama kwa mtu wa ndani aliyekalia karatasi. Nakubaliana na wewe kwamba bajeti ya kuzunguka vijijini iwe yetu, ila tusiseme ushirikiano hauna maana. Dawa ya ukoma haina soko, wagonjwa wote wapya duniani kwa mwaka 2023 walikuwa 182,815, na zaidi ya nusu wako India peke yake, wakifuatiwa na Brazil na Indonesia. Kiwanda gani kitahangaika kutengenezea watu laki mbili maskini kama hakuna makubaliano ya dunia?

Alafu mjue ushirikiano wenyewe ni watu wengi, siyo kampuni moja. Kuna ILEP, muungano wa mashirika ya kupambana na ukoma, upo toka 1966, ndani yake wapo hao GLRA, Waholanzi wa NLR, Damien Foundation ya Ubelgiji, The Leprosy Mission iliyoanza 1874. Mwaka 2018 wakaanzisha chombo kingine cha pamoja, Global Partnership for Zero Leprosy, humo wamo WHO, ILEP, Novartis, Wajapani wa Sasakawa na, hili ndo napenda kulisema, wamo IDEA ambao ni umoja wa watu wenyewe waliopitia ukoma, ulioanzishwa 1994. Kabla ya hapo vikao vilikuwa vya madaktari na wenye pesa wanamjadili mgonjwa ambaye hayupo. Sasa anakaa mezani anasema jamani mnahesabu paketi lakini mimi nimepona na bado siajiriwi.

---

MpungaUsangu

Hilo la mwisho la mwalimu limenigusa nitoe ya kwetu. Mzee wangu alipona ukoma zamani, mimi mdogo. Alimaliza dawa akapewa karatasi kwamba amepona. Lakini nyayo hazikurudi, hana hisia kabisa kuanzia kifundo cha mguu kushuka. Sasa sisi ni watu wa majaruba huku Mbarali, ukishavuna mpunga mashina yaliyobaki yanachoma kama misumari, mtu mwenye hisia anaruka, mzee anakanyaga tu. Anarudi jioni mama anaona damu kwenye mkeka ndo wanajua kuna kidonda. Kidonda kimoja kilikaa mpaka mfupa ukaguswa, wakakata vidole vitatu. Hakikuwa ukoma kilichokata vile vidole kwa sababu mdudu alishakufa zamani, ni kukosa viatu na kukosa mtu wa kumwambia aangalie nyayo kila jioni.

Baadaye akaja mtu wa mradi wa kanisa akatufundisha, maji ya kawaida kwenye beseni, loweka nusu saa, sugua sugu taratibu na jiwe, usipanguse mpaka pakauke, paka mafuta hapohapo ngozi ikiwa na unyevu, alafu kagua katikati ya vidole. Kama macho hayaoni vizuri mjukuu akague. Viatu vyenye soli laini ndani na ngumu chini, na unavikung'uta kabla ya kuvaa maana anaweza kutembea na kokoto siku nzima asijue. Tangu tuanze hivyo mzee hajapoteza kidole kingine.

Ila watu. Kilabuni alikuwa na kopo lake, wenzake wote wanapokezana la komoni, yeye lake limetundikwa msumarini nje. Aliacha kwenda. Na mtu huyu alikuwa hana ugonjwa wa kumuambukiza yeyote.

---

MauaYaKitulo

Naomba kuuliza, samahani kama naingilia. Nipo Makete. Mwanangu wa kike ana miaka 9 ana doa shavuni limepauka na lingine mkononi. La mkononi linawasha wakati wa baridi, lina magamba kidogo. Nimesoma huu uzi nimeogopa sijalala vizuri. Je nimpeleke akapime damu?

---

NesiMstaafu_Ipogolo

MauaYaKitulo mwanangu tulia kwanza. Doa la kupauka shavuni kwa mtoto mara nyingi ni vitu vya kawaida vya ngozi, na doa la ukoma kwa kawaida haliwashi. Lakini usimalizie kwenye simu, mpeleke kituo cha afya na useme wazi unataka akaguliwe ukoma. Kipimo cha damu cha ukoma hakipo, mtu akikuuzia hicho kipimo amekula hela yako. Wanapima kwa pamba kama MvuaYaTukuyu alivyoeleza, wanapapasa mishipa ya fahamu, pale nyuma ya kiwiko, pembeni chini ya goti, shingoni, kuona kama imenenepa au inauma, na ikibidi wanachukua majimaji kidogo ya ngozi kwenye ndewe ya sikio wanaangalia kwa hadubini. Wasipokuwa na uhakika omba mratibu wa TB na ukoma wa wilaya, kila wilaya yupo, ni haki yako kumuomba.

Na hata ikiwa ndiyo, mtoto mwenye mabaka machache ni dawa miezi 6 tu. Wenye mengi miezi 12. Mkojo utakuwa mwekundu siku ile anameza dozi ya mwezi, ngozi inaweza kuwa nyeusi kidogo kwa sababu ya klofazimini kisha inarudi baada ya dawa. Ila akipata homa na vipele mwili mzima wiki za mwanzo asisubiri, arudi haraka, dapsoni ina watu inawakataa.

Na ninyi wengine mnaosoma kimyakimya, ukoma haurithiwi, haupatikani kwa kushikana mikono wala kukaa naye siti moja kwenye basi. Unapita kwa hewa, matone ya puani na mdomoni, tena kwa kuishi na mgonjwa asiyetibiwa muda mrefu. Karibu watu 95 kati ya 100 miili yao inaushinda wenyewe. Na mgonjwa akishaanza dawa mseto ndani ya siku chache haambukizi tena. Ndo maana lile kopo la komoni la mzee wa Usangu linaniumiza roho.

---

Mwanjelwa_Sokoni

Asante mama kwa darasa, shikamoo. Sasa kama unachukua muda mrefu hivyo kuonekana utajuaje nani kaambukizwa? Nimesikia mtu anaweza kuwa nao miaka mitano hajui.

---

NesiMstaafu_Ipogolo

Marahaba. Wastani ni miaka mitano ndiyo, wengine hadi miaka 20 au zaidi. Ndo sababu mgonjwa mmoja leo ni habari ya zamani, aliambukizwa na mtu ambaye huenda alishahama au alishafariki.

---

MvuaYaTukuyu

Asanteni sana, ndaga fijo kwa wote. Mama Nesi, umeongelea kinga ya Kilombero. Sisi nyumbani tuko wengi, wajukuu, mke wangu mjamzito, mimi. Tulikaguliwa wote na hatuna mabaka. Mratibu akasema kuna dozi moja ya rifampisini tunaweza kupewa. Ila akasema pia majirani wa karibu nao wanafaa kukaguliwa na hapo mama mdogo akakataa kabisa, kasema mkija na gari la serikali na koti jeupe kwenye nyumba ya jirani yangu kesho nitakuwa nimehama. Mimi namwelewa. Nifanyeje?

---

KihesaMwalimu

Hapo umegusa kitu ambacho watafiti wenyewe wamehangaika nacho. Hiyo dozi moja ilipimwa Bangladesh kwa watu zaidi ya 20,000 walioishi karibu na wagonjwa, ikapunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 57 ndani ya miaka miwili ya kwanza. Kwa hiyo inasaidia ila haizibi kila tundu, na msaada wake ulikuwa mdogo kwa wale walio karibu sana na mgonjwa kuliko kwa majirani, ambalo ni jambo la kuhuzunisha kwa familia. WHO wakaipendekeza rasmi 2018. Ule mpango uliofika Kilombero kwa nchi zote pamoja uliwapa dozi watu zaidi ya laki 1 na nusu, kwa hiyo inawezekana kutekelezwa kwenye zahanati za kawaida, tatizo halipo kwenye kidonge.

Tatizo ni hilo la mama mdogo. Kuna utafiti mwingine unaongozwa na Waholanzi wa NLR, unaitwa PEP4LEP, upo Ethiopia, Msumbiji na Tanzania. Kwenye njia mojawapo wanafanya kambi ya magonjwa yote ya ngozi. Wanaalikwa watu kama 100 wa eneo lile, wenye fangasi, upele, mzio, chochote, kila mtu anakaguliwa na kutibiwa alichonacho, na anayestahili dozi ya ukoma anapewa. Hakuna anayejua mgonjwa wa kwanza ni nani. Njia ya pili familia inaitwa kituo cha afya, na wanalinganisha ipi inafaa. Mimi kwa mazingira ya vijiji vyetu naona ile ya kambi ndo ya kiutu, mtu anakuja na upele wake anaondoka na dawa, na heshima ya mgonjwa imebaki.

---

NesiMstaafu_Ipogolo

Mwalimu amesema vizuri. Naongeza tu, MvuaYaTukuyu, ridhaa ya mama mdogo ndiyo ya kwanza. Mratibu haruhusiwi kwenda kwa jirani na kutaja jina lake. Mwambieni mratibu aombe siku ya kukagua ngozi kijiji kizima au shule, hilo linawezekana hata bila mradi, linahitaji wahudumu wawili watatu, pamba na kivuli cha kusitiri watu. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii mnao, wanaweza kutangaza "magonjwa ya ngozi" basi.

Kuhusu dozi, kabla ya kumeza waulizwe wote kikohozi na homa za jioni, maana mwenye TB akimeza rifampisini dozi moja unakuwa unachezea dawa yake ya TB. Watoto chini ya miaka 2 hawapewi. Mke wako asubiri mpaka ajifungue.

---

MpungaUsangu

Mimi nataka kuuliza kuhusu malengo. Mama kasema la 1991 likatufanya tulale. Sasa naona WHO wana mkakati mwingine 2021 mpaka 2030. Hatutalala tena?

---

KihesaMwalimu

Nimeusoma. Wa safari hii wamejifunza, maana lile la zamani lilikuwa linahesabu wagonjwa walioko kwenye rejista siku hiyo. Na kwa sababu dawa ni miezi 6 au 12, ukishamaliza unafutwa, kwa hiyo rejista inapungua hata kama maambukizi mapya yako palepale, na mzee wako ambaye hana hisia miguuni hahesabiwi popote. Sasa hivi wanahesabu wagonjwa wapya, wanataka wapungue kwa asilimia 70, watoto wapya wapungue asilimia 90, na wanaogundulika tayari wana ulemavu unaoonekana wapungue asilimia 90, na nchi 120 zisiwe na mgonjwa mpya wa ndani kabisa. Hicho cha ulemavu na cha watoto ndo vipimo vya kweli. Mtoto akiwa na ukoma maana yake kuna mtu mzima karibu yake anaambukiza sasa hivi, na vidole vya mama mdogo vikiwa vimepinda siku ya kwanza maana yake sisi wote tulichelewa.

Na inawezekana kuisha. Septemba 2024 WHO waliithibitisha Jordan kuwa nchi ya kwanza duniani kumaliza ukoma, walikuwa wamekaa zaidi ya miongo miwili bila mgonjwa aliyeambukizwa ndani ya nchi. Ni nchi ndogo, wagonjwa walikuwa wachache, lakini waliendelea kutafuta hata baada ya kutoona mtu, sisi hapo ndo tulipoachia.

Suala la ubaguzi nalo lina upande wa sheria. Mwaka 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha misingi ya kuwalinda watu walioathirika na ukoma na familia zao, lakini ILEP wamehesabu sheria zaidi ya 100 duniani ambazo bado zinawabagua. India mpaka 2019 ukoma ulikuwa sababu halali ya kumpa mtu talaka, mwaka huo ndo wakaifuta.

---

Mwanjelwa_Sokoni

Hili la talaka limenishtua. Mimi kwenye upande wa pesa bado nasimama palepale, wabunge wetu wa huku wapelekewe hoja, halmashauri zitenge fungu la kukagua ngozi shuleni kila mwaka. Dawa tupewe, kutafuta mgonjwa tujilipie. Mwenye mawasiliano na diwani anayesikia alete hapa.

---

MauaYaKitulo

Nimerudi kutoa mrejesho. Tulienda kituo cha afya, nikasema kama mama alivyonielekeza. Clinical officer alikuwa kijana, akasema hajawahi kukagua ukoma ila hakunifukuza, akapiga simu kwa mratibu wakaongea, akamkagua mtoto kwa pamba huku mratibu yuko hewani anamuelekeza. Mtoto anahisi kote. La mkononi ni mzio wa ngozi, kapewa mafuta, la shavuni kasema litaondoka lenyewe, turudi baada ya miezi mitatu alitazame. Yule kijana akasema na yeye kajifunza leo. Mungu awabariki.

---

NesiMstaafu_Ipogolo

Umenifurahisha sana mwanangu. Na huyo kijana Mungu amzidishie, anayepiga simu kuuliza ndo mtaalamu.

---

MvuaYaTukuyu

Safi sana dada. Mama Nesi naomba nikusumbue tena. Mama mdogo yuko paketi ya 10 sasa. Mabaka yamefifia vizuri. Lakini toka juzi kiwiko cha kushoto, ule mkono ambao vidole havijapinda, kinamuuma usiku mpaka analia, na anasema nguvu za kushika zimepungua. Baka la mgongoni nalo limekuwa jekundu limevimba. Ndugu wanasema dawa zinamdhuru aache. Tumepanga kwenda kliniki tarehe yake ikifika, wiki ijayo.

---

NesiMstaafu_Ipogolo

Hapana, asiache dawa na msingoje tarehe. Hiyo tunaiita mmenyuko, mwili unapambana na mabaki ya wadudu na vita inafanyikia ndani ya mshipa wa fahamu, mshipa unavimba unajikaba wenyewe. Inatokea katikati ya dawa na hata baada ya kumaliza dawa, haina maana ugonjwa umerudi. Nendeni kesho asubuhi. Semeni maneno haya: mshipa wa kiwiko unauma na nguvu za mkono zimepungua ndani ya siku chache. Watampima nguvu za vidole na hisia walinganishe na kadi yake ya mwanzo, kwa hiyo kadi msiisahau. Akistahili ataanzishiwa prednisoloni, inaanza dozi kubwa inashushwa taratibu kwa wiki nyingi, na hiyo nayo asiikatishe akijisikia nafuu. Kabla ya kuanza wamuangalie sukari, presha na TB.

Usiku huu akunje kiwiko kidogo tu, umfunge kitenge kama tanga la mkono uliovunjika, asiulalie. Kama zahanati hawana prednisoloni msirudi nyumbani, ombeni rufaa hapohapo mwende hospitali ya wilaya. Mkono wa kulia tulichelewa nao, huo wa kushoto una siku chache tu toka uanze, bado unaokoka.

---

MvuaYaTukuyu

Nimeelewa mama. Bodaboda nimeshaongea naye, saa 12 asubuhi tunatoka.